Bomba Limeishia Kwenye Mwamba

Baba Atupele,

Wewe umepumzika. Mimi silali. Watu wa hapa Ibaba wanasema uliwadanganya kuhusu maji, na ninayekutana nao mtoni na ndoo ni mimi.

Nianze na siku ya mazishi yako. Mchungaji alipomaliza, viongozi wakaitwa kutoa rambirambi, mmoja baada ya mwingine, unajua tunavyopenda kuhutubia makaburini. Wafadhili wa mradi wa maji uliousimamia walikuwepo, wamesimama kwenye matope na viatu vyao vya mjini. Mwenyekiti wa kamati yenu ya maji alipowaona akapata nguvu. Akapaza sauti: "Marehemu ametuachia kazi iliyokamilika. Aliniambia mwenyewe, bomba limefika." Watu wakapiga makofi. Makofi, Baba Atupele, kaburini kwako!

Nilikuwa nimekaa chini, kanga kichwani, wanawake wamenishika huku na huku. Nilijua bomba limeishia kwenye mwamba, juu ya shamba la viazi la shangazi yako. Ulinieleza ukiwa kitandani, unakohoa. Lakini mjane anatakiwa alie tu. Na nani hapa kwetu atampinga mtu anayemsifu marehemu? Mafundi walijua, waliochimba walijua. Wote wakatazama chini.

Wafadhili wakaondoka wameridhika, hawajarudi. Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ukafa, maana nani achimbe mtaro wa kazi iliyokwisha? Mabomba yaliyobaki, yale mliyoyafuata Tunduma mkavutana bei na wachuuzi hadi jua likazama, yamelala nyuma ya ofisi ya kijiji, mbuzi wanayaruka. Watoto wanafungua koki pale kanisani, inatoa hewa.

Sasa wananiuliza, "Mumeo si alisema limefika?" Mwenyekiti naye anajibu kwa upole, "Mimi nilitangaza alichoniambia marehemu." Hodari kweli. Amejipatia shahidi asiyeweza kuulizwa.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata ndoo. Wewe, ambaye kila Jumapili baada ya ibada ulisimama nje na lile koti lako lililochanika kwapani, ukawaambia mtaro umefika wapi na umekwama wapi! Wafadhili uliwapa maneno yaleyale uliyompa bibi wa pale darajani. Fundi akikuambia kazi inaendelea vizuri, ulimkatiza: "Vizuri ni wapi? Nipeleke nikapaone." Nilikuwa nakucheka kwamba unawachosha watu kwa habari za mawe. Hawakuchoka. Ulipotangaza kuwa mwamba wa kwanza umewashinda, kesho yake walikuja wengi zaidi, kila mtu na nyundo yake.

Jumapili iliyopita nilisimama mimi. Nikasema, "Bomba halijafika, na Baba Atupele hakusema limefika." Mwenyekiti akaniambia, "Keti, mama, majonzi yamekuchanganya." Majonzi! Sikuketi. Nikawaambia anayebisha anifuate tupande naye mlimani.

Shangazi yako akainuka wa kwanza, na fimbo yake. Wakafuata wachache, wengine kwa kutaka tu kuniona nikiaibika. Tulipofika kwenye mwamba tukafyeka majani, tukalikuta bomba. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa gunzi la hindi, ulilishindilia wewe vizuri ili udongo usiingie. Kisha mmoja wa wachimbaji wako, ambaye siku ya mazishi alitazama chini kama wenzake, akavua kofia. "Huyu alikuwa anarudi kumalizia kazi," akasema.

Nililia pale kuliko nilivyolia makaburini, mume wangu.

Mwenyekiti sijamsamehe, na usinijie ndotoni kunibembeleza. Wafadhili nitawafuata hukohuko mjini, nao nitawapandisha mlimani na viatu vyao. Kila Jumapili nitasimama niseme tulipofika, hata kama ni palepale.

Kwaheri, Baba Atupele. Gunzi lako sikuligusa, na sitaki mtu aliguse. Nitalichomoa mwenyewe, siku mafundi watakaposimama nyuma yangu na bomba linalofuata.

Mama Atupele