Kikapu Kitupu

Jumanne, 3 Juni
Nimetembea nguzo kumi na moja za umeme leo. Nilisimama mara tatu. Jana zilikuwa tisa. Goti la kushoto linauma nikiteremka, si nikipanda. Baridi. Mlima haukuonekana.

Nilibeba kikapu tena. Kitupu. Mwanamke wa miaka sabini na moja hawezi kupita Kijenge mikono mitupu kila asubuhi bila kuulizwa anakwenda wapi. Ukiwa na kikapu, una safari. Nimefundisha Tabora, Songea, Mwanza. Kote huko nilikaa kitini, na jioni nikakaa tena na kitabu. Sikuwahi kutembea kwa ajili ya kutembea tu. Bado naona aibu.

Sababu naiandika ili nisiikimbie. Februari tulimzika dada yangu Naomi, kwetu Nkoaranga. Hapana, walimzika. Mimi nilibaki chini, kwenye benchi la duka, kwa sababu njia ya miguu ya kupanda nyumbani ilinishinda kwenye mfereji, na pikipiki haipiti. Nyimbo nilizisikia kutoka juu, migombani. Tarehe 26 Julai wanaweka msalaba kaburini. Nitafika kwa miguu yangu.

Alhamisi, 5 Juni
Mama Glory, fundi cherehani wa jirani, alikuwa anafungua kibanda. “Shikamoo Mwalimu. Kila siku na kikapu, soko gani hilo linafunguliwa alfajiri?” Nikamjibu nakwenda kumwona mgonjwa. Imetoka tu. Miaka thelathini na sita nimewakataza watoto kusema uongo.

Jumatatu, 9 Juni
Sikwenda. Manyunyu.

Jumanne, 10 Juni
Sikwenda. Hapakuwa na manyunyu.

Jumatano, 11 Juni
Nguzo nane. Siku mbili za kukaa zimekula kazi ya wiki nzima. Nina hasira na nafsi yangu.

Jumatano, 18 Juni
Jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwa Mama Glory. Wakati wa maombi akamtaja mgonjwa wa Mwalimu, Mungu amwinue kitandani. Wanawake kumi na wawili wakaitikia amina. Kisha wakapanga: Jumamosi tunakwenda wote kumwona. Nikaulizwa anapenda nini. Nikasema uji wa ulezi. Mjinga mimi.

Ijumaa, 20 Juni
Kabla hawajapeleka ulezi mashineni, nimekwenda kibandani nikamweleza Mama Glory yote. Kikapu, Naomi, benchi la duka. Kwamba mgonjwa hayupo. Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. Halafu akacheka hadi akajifuta machozi kwa kipande cha kitenge cha mteja. “Mwalimu! Na mimi nimefunga siku mbili kwa ajili yake! Huo uji utaunywa wewe.”

Baadaye, kwa sauti ya chini, akasema yeye hutoka kitandani kwenda kwenye cherehani, na kwenye cherehani kurudi kitandani. Ngazi za kanisani zinamtoa jasho. Ana miaka arobaini na minne.

Jumatatu, 23 Juni
Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Glory getini kwangu. Na kikapu. Kitupu.

Jumanne, 1 Julai
Nguzo ishirini na mbili. Vijana wa kijiwe cha bodaboda: “Mama zetu, mmeitwa jeshini?” Mama Glory hakupunguza mwendo: “Tunafanya mazoezi ya kuwabeba, hizo pikipiki zenu zikifa.” Walicheka wao kwa wao hadi tukakata kona.

Zipo asubuhi ambazo nisingetoka. Natoka kwa sababu yeye yuko getini anapuliza vidole. Nimesoma mengi juu ya nia. Hakuna kitabu kilichoniambia nia yangu ingekuja imevaa sweta ya kijani.

Jumatatu, 14 Julai
Siku ya nne Mama Glory haji. Ana sare za harusi za kushona. Nimekwenda peke yangu mara mbili, mara mbili sikwenda. Goti limevimba. Zimebaki siku kumi na mbili. Mwanangu anasema nisihangaike, vijana watanibeba juu kwenye kiti. Nilimjibu vibaya.

Naogopa.

Jumatano, 16 Julai
Goti limepungua. Nimepita kibandani asubuhi, taa inawaka, cherehani inalia. Sikumlaumu. Nilisimama mlangoni na kikapu changu, basi. Alinitazama, akamalizia mshono, akainama kutafuta viatu.

Jumamosi, 26 Julai
Nkoaranga. Nimepanda. Nilisimama mara tisa. Mama Glory alikuwa nyuma yangu, hakunishika, nami sikumwomba. Kijana mmoja alitupita na kiti cha plastiki kichwani. Moyo ukanilipuka, nikadhani ni changu. Kumbe ni cha wageni.

Kwenye mfereji, pale niliposhindwa Februari, nilinawa uso. Kahawa ya baba imeng'olewa, sasa ni maparachichi. Kama si mfereji nisingeijua njia ya kwetu. Miaka hamsini na miwili tangu nihame ni mingi.

Nilifika wakiwa kwenye wimbo wa pili. Niligusa msalaba. Rangi ilikuwa haijakauka.

Jumapili, 27 Julai
Mapaja yanauma. Kanisani nimekaa ibada nzima, hata pa kusimama.

Jana binti wa Naomi alinijazia kikapu ndizi kabla sijateremka. Nilikibeba mwenyewe hadi barabarani, Mama Glory akibeba chake. Leo nimezimenya. Rangi nyeupe bado iko pembeni ya ukucha.

Msalaba umeshawekwa. Hakuna tena tarehe mbele yangu. Nimekung'uta kikapu, nikakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikakaa. Kisha nimeinuka nikakishusha, nikakiweka chini, karibu na viatu.