Mchanga wa Wifi Nilioufua

Mama, shikamoo. Huku Chamazi joto linaniogesha mara tatu kwa siku. Maji yote ya bafuni na ya vyombo yanapita kwenye pipa la mchanga la wifi Zuhura, yanatoka meupe, yanamwagilia mchicha anaouza.

Jana ilikuwa siku yangu ya tatu. Ulinilea nikijua mgeni siku ya tatu anashika jembe, kwa hiyo wifi alipokwenda sokoni nikafunua pipa. Juu ya mchanga kulikuwa na ute wa kijani unaoteleza kama bamia. Nikamwonea aibu. Nikachota mchanga wote, nikaufua kwa sabuni ya unga, nikauanika kwenye mkeka.

Wifi kurudi, akaunusa, akakaa chini akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Wifi, kwenye ule ute ndo kuna wadudu wanaonisafishiaga maji. Umewafua wote."

Kaka anasema ute utaota tena baada ya wiki kadhaa, mradi maji machafu yapite kila siku. Basi wifi kanikataza kuondoka.

Nitunzie kuku wangu, mama yangu kipenzi. Mie jembe nimeshapewa, nalo ni kuoga.

Mwanao Neema