Goti la Shija Ni Zima

Shija kafunga trai! Mwanangu mimi, wa tumbo hili, kakimbia na mpira wazungu watatu wakimning'inia mgongoni, kavuka mstari, kaulaza mpira chini, watu wote uwanjani huko Australia wakasimama. Na hapa Katoro sijamwambia mtu hata mmoja.

Haya, sasa habari zenu. Leo ni Jumanne, jua kali, vumbi la barabara ya Ushirombo limeingia mpaka kwenye magunia ya mchele, na moyo wangu hauna raha.

Kwa anayeingia hapa mara ya kwanza: mimi ni Mama Shija, nauza mchele Katoro, mchele wa Kahama usio na mawe, waulize wanaoula. Shule niliishia la saba. Hii blogu alinifungulia binti yangu Minza, na yeye ndiye ananinyooshea herufi. Shija ni kaka yake, yuko chuo cha jeshi, anasomea uofisa. Anacheza raga, ule mpira wa umbo la yai unaobebwa mikononi, watu wanaangushana kama mafahali. Timu ya chuo chao ilialikwa Australia kucheza na vyuo vya jeshi vya huko, na kutoka kanda yetu hii yote aliyechaguliwa ni yeye peke yake. Nimeshalisema hilo hapa mara nyingi. Nitalisema tena.

Leo lakini sijisifu. Yaani najaribu.

Kabla ya safari alikuja kutuaga. Nikawa nampangia begi, akaniambia, "Mama, nakuomba, chakula hapana. Kule hata tunda hawakuruhusu kuingia nalo." Nikamjibu sawa, mwanangu. Alipokwenda kuoga nikachukua michembe, vile viazi vitamu tunavyokata vipande na kuvianika juani, nikaifunga kwenye kipande cha kanga, nikaishindilia ndani ya viatu vyake vya kuchezea.

Niliwaza nini? Niliwaza mtoto wa Kisukuma hawezi kupigana vikumbo na watu kwa nguvu ya mkate. Niliwaza akivaa viatu ataikuta, atacheka, atasema mama yangu huyu.

Kumbe uwanja wa ndege wa huko wana mbwa wa kunusa. Kambwa kadogo tu, anasema, kana masikio marefu. Shija aliulizwa kama ana chakula, akajibu hana, kifua mbele, kama mwanajeshi anavyojibu. Kambwa kakaenda kakaketi mbele ya begi lake. Timu nzima ikawekwa kwenye mabenchi, mabegi yote yakamwagwa, mpaka nguo za ndani za watu. Meja, ambaye ndiye mwalimu wao wa raga, akakishika kile kifurushi cha kanga, akauliza cha nani.

"Changu, afande."

Hakusema mama. Nilipokuja kumuuliza kwa nini, alicheka kwenye simu: "Mama, ningesema ni wewe, mpaka nastaafu wangeniita mtoto wa mama." Sawa. Lakini namjua niliyemzaa. Alinisitiri. Na Meja akaona kijana kawadanganya wenye nchi yao mchana kweupe na kalitia jeshi aibu, akamtoa kwenye mechi ya kwanza. Akampa kazi ya kubeba maji.

Hayo niliambiwa baadaye. Asubuhi ya mechi sikujua lolote, na nilikuwa nimeita watu.

Kikundi chetu chote cha akina mama wa kanisani kilijaa dukani, Minza kaunganisha simu kwenye televisheni. Nilikuwa nimewachosha watu: mwangalieni jezi namba nane, namba nane ndiye wangu. Namba nane akatokea. Mtu mwingine kabisa, mrefu, mwembamba. Mwenyekiti wetu Mama Kabula hana breki mdomoni.

"Mama Shija, huyu namba nane wako mbona kakonda hivi? Jeshini siku hizi wanalishwa uji?"

Wakacheka wote. Mdomo wangu ukajibu kabla yangu.

"Shija kaumia goti jana mazoezini."

Kicheko kikakatika. Pole, mama. Pole sana, jamani. Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini mchezo ukasimama kidogo, akaingia kijana anakimbia na chupa za maji, kavaa fulana ya njano, anawagawia wenzake. Wakamwonyesha kwa karibu. Ule mwendo naujua tangu anajifunza kusimama kwa kushika magoti yangu.

"Jamani, huyu wa maji si Shija?" Mama Kabula akauliza.

"Siyo yeye, shoga. Shija yuko ndani anafungwa bandeji."

Nilimkana mwanangu huku namwangalia usoni.

Tangu siku hiyo goti la Shija limekuwa goti la Katoro. Kanisani linaombewa. Mteja akija kununua mchele, kabla ya bei anauliza goti. Kuna mzee mchimbaji wa Rwamgasa, maisha yake yote yako kwenye mashimo, huyo kaniletea mafuta ya kondoo ya kumchulia kijana. Nimeyapokea kwa mikono miwili. Ningesemaje? Mpaka leo asubuhi waliojua ukweli ni Baba Shija na Minza tu. Baba Shija alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akasema, "Mke wangu, hilo simo," akaenda zake mnadani kwa ng'ombe.

Sasa leo asubuhi Shija kapiga simu. Kaanza na trai. Ilikuwa mechi ya mwisho, Meja kamrudisha uwanjani kwa sababu wengi walikuwa wameumia, wameumia kweli, na mwanangu kaingia kafanya nilichowaambia pale juu. Vigelegele vilinipanda mpaka kooni. Nikakimbilia stoo, nikajiziba mdomo kwa kanga, nikavipiga humo humo ndani ya kitambaa. Mimi! Ninayempigia vigelegele hata akipata cheti cha ubatizo! Mtoto mwenye goti bovu hafungi trai, kwa hiyo furaha yangu nimeimeza kavu kama kidonge.

Halafu akasema, "Mama, Mama Kabula kanitumia ujumbe wa sauti. Ananipa pole ya goti, kaniombea mpaka kalia. Goti gani?"

Nikamweleza. 

"Basi mama, usihangaike," akasema. "Nikija nitachechemea kidogo. Niambie tu, uliwaambia la kulia au la kushoto?"

Nilikaa kwenye gunia. Hakuwa ananitania. Sauti yake ilikuwa ile ya mtu anayepokea zamu, la kulia au la kushoto, basi. Mtoto kabeba michembe yangu mbele ya wenzake, kabeba maji, na sasa yuko tayari kuingia nyumbani kwao anaburuta mguu mzima ili mama yake asichekwe na watu.

Na kuna zaidi. Jumamosi hii Meja na baadhi ya wachezaji, Shija akiwemo, wanatoka Kahama kwenda Geita mjini kuuonyesha huo mchezo kwenye shule, na kwa kuwa Katoro iko njiani wamekubaliana kupita kula kwetu. Meja mwenyewe kaomba. Nilipomuuliza Shija kama sasa mambo yao yako sawa, akasema Meja anampenda uwanjani, lakini unahodha wa msimu ujao hampi. Kamwambia wazi: timu siwezi kumkabidhi mtu aliyedanganya alipoulizwa. Na akirudi chuoni ndipo atamtangaza nahodha.

Mwanangu hajawahi kudanganya. Aliyedanganya ni mimi, mara mbili, na zote mbili zimeandikwa kwake.

Mchana nimefunga duka nikaenda kwa Mama Kabula. Nilimkuta anapepeta mchele uani, kajifunga kitambaa kwenye goti lake. Yeye goti linamsumbua kweli. Nikasema yote ila trai, nikiwa bado nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaomba maji, nikipewa maji nitaanza habari nyingine.

Aliendelea kupepeta. Ungo unapanda, ungo unashuka. Halafu akauweka chini.

"Kwa hiyo yule wa maji alikuwa yeye."

"Alikuwa yeye."

"Nami nikajiona nimezeeka macho." Akalishika goti lake. "Hili langu hapa ndilo bovu, Mama Shija. Nililiacha nikaenda kumsumbua Mungu kwa la mwanao, zima kama la ndama!"

Nikapiga magoti. Nikamwambia nisamehe, mama. Akaniacha hapo chini muda mrefu, watoto wake wanatuchungulia mlangoni. Nilidhani atanifukuza. Mwishoni akaniambia niinuke nitachafua kitenge, lakini hakutabasamu.

"Kwa wengine sikusemei," akasema. "Utasema mwenyewe, wote wakiwa wamekaa, na huyo mkubwa wao wa jeshi akiwepo. Na useme kabla ya kupakua. Watu wakishashiba hawakusikii, watakuambia tu wabeja."

Wabeja kwetu ni asante. Na ana haki, mimi nilikuwa nimeshapanga kusema baada ya chakula.

Nimerudi nyumbani nikamwandikia Shija maneno mawili: usichechemee, mwanangu. Hajajibu bado, nadhani yuko angani, wanarudi.

Ninachokiogopa si kucheka kwao. Wacheke, mimi nimewasumbua vya kutosha na namba nane yangu. Namwogopa Meja. Ni kijana kwangu, akiingia tu atainama anipe shikamoo, na mimi nitaitikia marahaba kwa mdomo upi? Nimejaribu maneno mbele ya kioo, yote yanaanza kwa kumsifu Shija. Minza kacheka, kasema, "Mama, anza na michembe." Basi nitaanza na michembe. Afande, nitasema, ile michembe niliiweka mimi, kijana alinikataza, nikamvizia akiwa bafuni. Alipokujibu kuwa ni yake hakuwa anajificha, alikuwa ananificha mimi. Akikataa kunielewa nitarudia, watu wote wakisikia, mpaka aelewe. Unahodha ampe au asimpe, hiyo ni kazi yake. Lakini huo uongo autoe kwa mwanangu auweke kwangu.

Na nikimaliza hapo, jamani mniruhusu, nitasema habari ya trai.

Kwa hiyo akina mama wa kikundi, majirani, mzee wangu wa Rwamgasa na mafuta yako nikurudishie, Baba Shija hata kama humo, njooni wote mkae. Mchele ninao, mbuzi yupo, na mimi nitakuwa nimesimama mbele yenu kabla ya sahani ya kwanza, mchana wa Jumamosi.