Kadi ya Timu na Mkono wa Mbuzi

Kakuma

Kwako Akai, mtoto wa mama yangu, hapo Lodwar,

Kabla sijakusalimu, inuka ukamfunge yule mbuzi mweupe kwenye mti. Nitangoja. Umemfunga? Haya, sasa ejok. Ejok, Akai? Miguu inaendeleaje, na lile jicho linalotoa machozi? Mvua imefika huko, ama ni mawingu ya kudanganya watu kama haya yetu? Sisi tuko, Mungu ametuweka. Binti yangu Atabo anaendelea na hoteli yake ya chai, na mtoto wake amesimama, sasa anavunja vikombe. Mimi ni mgongo tu, na hasira.

Na wewe mke wa mchungaji unayemsomea, soma kila neno. Barua ile ya kwanza uliruka pale nilipomtukana, nimeambiwa. Mimi naandika polepole, kila neno linanitoa jasho. Darasa la ngumbaru halikunifundisha maneno ya kutupa.

Akai, dereva anayetuletea unga aliingia hapa akicheka. Akaniambia, "Mama, mdogo wako wa Lodwar amekuwa mtu wa mpira. Watu wa timu walipita sokoni na kipaza sauti, wanauza uanachama. Amesema atauza mbuzi wake wa maziwa anunue kadi, lakini kwanza anataka kujua kama wewe yako imekusaidia." Nikamuuliza, "Mbuzi gani?" Akasema yule mweupe. Nikaiweka chai chini.

Yule ndiye mbuzi peke yake aliyekubakia baada ya kiangazi. Wajukuu wako wanakunywa nini, kadi? Utaikamua?

Umeniuliza, nitakujibu. Lakini nitakujibu kwa urefu, maana nikisema "usinunue" peke yake, nakujua, utanunua.

Ni kweli nina kadi. Huku Kakuma kuna timu inaitwa Upepo wa Tarach, vijana wetu pamoja na vijana wa kambi ya wakimbizi. Wanacheza kando ya korongo la huo mto Tarach, kwenye mchanga. Mwenyekiti wao ana duka la mabati. Alikuja hotelini akaniita mama, akasema timu ni yetu sote, kila mzazi awe mwanachama. Nikamwambia, "Mimi nina wajukuu, wewe unataka niwe mwana wa chama? Nani atanibeba mgongoni?" Watu wakacheka. Lakini nilinunua. Kwa nini, nitakwambia mwishoni, si sasa.

Sasa sikia nilichopata.

Nilipata jezi. Ni ya kijani, na ni ya mwanamume mwenye tumbo. Nikiivaa inafunika shanga zangu zote, naonekana kama gunia lililopakwa rangi. Nimeifua mara moja, kijani kikahamia kwa shuka ya Atabo.

Nilipata kiti. Wenye kadi wanakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, na wengine wanasimama juani. Kipindi cha kwanza ni raha, sikudanganyi. Lakini jua halisomi kadi. Kipindi cha pili kivuli kinatoka kwetu kinawaendea wale wasio na kadi, na sisi wenye viti tunakaangwa kama samaki wa Kataboi. Ukiinuka kukifuata kivuli, mtu wa timu anakuambia, "Mama, rudi mahali pako."

Na nilipata kura. Hapo ndipo penye kidonda.

Kipa wa timu alikuwa kijana wa kambini, Mkongo, jina lake Bahati. Mrefu hivi, mikono kama ya mtu anayetafuta kitu juu ya paa. Kila asubuhi alikuwa anakunywa chai kwetu kabla ya mazoezi, na akimaliza anaosha vikombe bila kuambiwa. Siku ya kwanza aliniita "Koko." Mimi nikasikia kuku. Nikamwambia, "Kuku ni nyanyako!" Akajibu kwa upole kabisa, "Ndiyo, koko ni nyanya." Kumbe kwao nyanya wa watoto haitwi bibi, maana bibi ni mke wa mtu; anaitwa koko. Tangu siku hiyo nilikuwa Koko, hata Waturkana wenzetu wakaanza kuniita hivyo. Nilizoea. Akiruka na kudaka mpira nilikuwa nainuka kwenye kiti cha plastiki napiga kelele kama harusi.

Basi wanachama tukaitwa mkutano, kwenye darasa la shule. Nikavaa lile gunia la kijani, nikakaa mbele kama mkubwa. Mwenyekiti akaanza na Kiingereza. Kiingereza kikaja, kikaenda, kikarudi na wenzake. Mimi nilikuwa na mambo mengine, maana nyuma ya darasa walikuwa wamechinja mbuzi, na moshi wa nyama ulikuwa unaingia dirishani moja kwa moja hadi puani kwangu. Jana yake nilikula githeri tu, mahindi kwa maharagwe.

Kisha nikamwona mchomaji akichungulia mlangoni na kisu mkononi. Akamnong'oneza mwenyekiti. Na mwenyekiti, kumaliza tu kunong'onezwa, akageukia Kiswahili, akauliza kwa sauti, "Haya, wanaounga mkono?"

Akai, wewe ungesikia nini? Mbuzi yuko motoni, mwenye kisu yuko mlangoni, mzee wa mkutano anauliza habari ya mkono. Sisi tumelelewa mahali nyama inagawiwa kwa viungo: huyu mguu, huyu shingo, huyu mbavu, na anayetaka ananyoosha kiganja wala si aibu. Nikasema, wanauliza nani atachukua mkono wa mbuzi, na utaungwa, labda na vitunguu. Nikauinua wangu juu kuliko wote. Nikasema, "Mimi! Na mfupa usitolewe!"

Nusu ya darasa ikapiga makofi. Mwenyekiti akahesabu, akauliza wanaokataa, akahesabu tena, akaandika, akasema, "Imepita. Mama ametuvusha." Maana mikono ilikuwa imelingana pande zote mbili, ukabaki wangu.

Nikakaa, nikangoja. Watu wakaanza kutoka. Nikamvuta shati kijana aliyekaa kando yangu, nikamuuliza, "Na mkono wangu?"

Akasema, "Umeshahesabiwa, mama."

"Umehesabiwa vipi? Uko wapi?"

Ndipo akaniambia tulichopitisha. Timu inataka kwenda kucheza Lodwar na Kitale, na Bahati hawezi kusafiri bila kibali, na kibali kinachelewa, mechi haingoji. Basi Bahati atolewe, aletwe kipa mwingine mwenye kitambulisho. Nusu ya watu walikataa. Nusu walikubali. Na mimi, Koko wake, nikauinua wangu kwa ajili ya mchuzi.

Mke wa mchungaji, kama unacheka, acha. Najua inachekesha. Nami nilicheka, siku tatu baadaye, nikiwa peke yangu nikichuja majani ya chai, halafu sikuweza kuendelea kuchuja.

Nyama sikula. Walinipa, tena kweli ulikuwa mkono. Nikaubeba nyumbani kwa mfuko, nikampa mbwa wa jirani.

Asubuhi yake nikaenda dukani kwa mwenyekiti. Nikamwambia, "Nirudishie mkono wangu."

Akasema, "Mama, kura hairudi. Ni katiba."

"Katiba ya Kenya?"

"Ya klabu, mama."

"Basi niite mbele ya watu niseme sikuelewa. Mimi si mkubwa wa kuogopa kuchekwa."

Akashika kipande cha bati, akakigeuza, hakuniangalia. Akasema mkutano mwingine ni mwakani, na nikitaka kusema neno ni lazima niwe nimelipia kadi tena. Nikamwambia mama yake angesikia haya angerudi kaburini kwa hiari. Lakini neno langu lilikuwa upepo, Akai. Sijawahi kuongea na mtu mdogo kwangu hivyo nikaondoka bila kitu.

Bahati alikuja kunywa chai kama kawaida. Hilo ndilo lililonimaliza. Ningependa asije. Aliketi, akaweka glavu zake juu ya meza, akaniuliza, "Koko, ni kweli uliinua mkono?"

Nikasema, "Niliinua."

"Juu ya nyama?"

"Juu ya nyama."

Akacheka mpaka akashika meza. Atabo naye akacheka, nikadhani yameisha. Kisha akazigeuza zile glavu. Akasema, "Kama ungenichukia, Koko, mi ningekasirika. Sasa nitafanya nini na hii?"

Nikaanza kupangusa meza iliyokuwa safi. Mimi, Akai! Wewe unajua kama nimewahi kupangusa meza badala ya kujibu.

Nilimpa kadi yangu, aingie bure kuangalia mechi, akae kivulini. Akaisukuma kwa kidole, polepole, kama mtu anayerudisha chakula cha mgonjwa. Akasema, "Mi naingiaka pale na miguu yangu, si na kadi." Akaosha kikombe chake, akaenda. Sasa anabeba magunia kwenye ghala la wafanyabiashara. Akipita ananisalimia, Koko ile ile. Bega lake moja limeshuka. Glavu hakuzichukua. Nilimkimbizia nazo hadi barabarani, akasema, "Zibaki, zifanye kazi." Atabo anashikia nazo sufuria za moto. Kila nikiziona zikiinua sufuria ya maharagwe naangalia pembeni.

Kipa mpya alikuja. Ana kitambulisho. Mpira unapita kati ya miguu yake kama mbuzi kwenye ua uliobomoka.

Haya, nimekwambia nitasema kwa nini nilinunua. Nilinunua kwa sababu siku ile mwenyekiti aliponiita mama mbele ya watu, nilikuwa na miezi hapa na hakuna aliyekuwa ameniita kitu chochote isipokuwa "mama ya hoteli, ongeza sukari." Nilikuja kumwangalia Atabo amejifungua, nikasema narudi mwezi ujao, na mwezi ujao ukawa na watoto wake. Nilikuacha peke yako chini ya ile mikoma, unasuka vikapu na hakuna wa kukushikia ncha. Najua kwa nini unataka kadi. Si mpira. Wewe mpira huujui, ulikuwa unauliza kwa nini wasipewe kila mtu wake. Unataka mahali ukifika watu waseme, amefika. Nilipokuwa huko hukuhitaji kadi, maana mimi nilikuwa nasema, tena nasema kwa ukali.

Kwa hilo, dada, moyo wangu si mzuri. Nikukemee vipi, na mimi ndiye niliyekiacha kiti kitupu?

Lakini nitakukemea tu. Sikiliza. Mimi na wewe tulibadilisha alama mara moja katika maisha, siku tulipoolewa, tukaacha alama ya mifugo ya baba tukaingia ya waume zetu. Siku hiyo nani alitoa mifugo? Wao! Ng'ombe walikuja kwetu, ngamia walikuja, mbuzi hawakuhesabika kwa uvivu wa wajomba. Umewahi kuona mwanamke anajitolea mahari mwenyewe ili aingie boma la watu? Basi hao wa kipaza sauti wakirudi, waambie wanakutaka, walete mbuzi. Wakileta, nami nitakuja kula.

Ukienda kuangalia mpira, nenda na ngozi yako ya kukalia, kaa upande ambao kivuli kitafika kipindi cha pili. Piga kelele unavyotaka. Hiyo haina kadi.

Mimi yangu nitalipia tena. Usianze! Najua nimekwambia usinunue. Wewe hujamtoa mtu golini. Nataka nikae mbele kwenye lile darasa, nikiwa nimeshiba, na wakitamka mkono niulize mara zote zitakazotakiwa ni mkono wa nini, hata wachoke. Labda itakuwa kazi bure. Labda Bahati atakuwa amezeeka kwa magunia. Nitaenda. Mkutano ukiisha ndipo nitapanda gari kuja kwako, na safari hii sitasema mwezi ujao.

Msalimie shemeji yangu mwenye kisima, mwambie lile karai langu bado nalikumbuka. Msalimie binti yako na wale wajukuu, na yule wa mwisho anayekula udongo apigwe kidogo kwa niaba yangu. Salamu kwa jirani yetu mshona viatu, na kwa mchungaji, na kwa mkewe huyu mwenye sauti nzuri aliyevumilia. Mbuzi naye umsalimie. Mpe majani.

Atabo anaita, sufuria imechemka na hataki kuishika bila zile glavu, na mtoto amezikalia. Naacha hapa.

Ni mimi dada yako mkubwa, Nakiru. Nimeiandika mwenyewe, na mkono ni ule ule.