Upande wa Bibi Yako kwenye Jani

Mjukuu wangu Asimwe,

Nakusalimu wewe na watoto. Mama yako Koku alikuja Jumapili, ni mzima. Kahawa imeanza kuiva. Ameniambia daktari amekuonya juu ya sukari, nawe katika barua yako unauliza mimi nilipunguzaje tumbo.

Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, kama wewe sasa, na marehemu bibi yako alikuwa akiniita Mzee Pipa. Siku moja alitandika jani la mgomba, akaweka ndizi, ule uti wa katikati ukawa mpaka wetu. Nilimaliza upande wangu upesi, mkono ukavuka. Akauchapa.

"Baba Koku, huku ni kwa watu. Ngoja nimalize, ndipo uniambie kama bado una njaa."

Alikula taratibu, akinisimulia ugomvi wa wanakwaya. Alipomaliza, njaa yangu ilikuwa imekwisha.

"Haya, inuka tukatoe majani makavu ya migomba kibanjani," akasema. Ikawa ndiyo desturi yetu ya kila siku.

Tangu aondoke nimekuwa nikila kwenye sahani, haraka haraka, kama mtu anayekimbia mvua. Barua yako ilipofika nilikata jani tena. Nikapakua upande wangu tu, nikala, kisha nikakaa nikiutazama upande wake mtupu kwa muda ambao angetumia kumaliza.

Njoo Desemba, ukae upande wa bibi yako. Ule taratibu, unisimulie chochote. Nitakusubiri umalize.

Babu yako,
Kaagya