Nani Atashika Ruti ya Vai

Woodridge, Queensland
6 Februari 2024

Shangazi Seini,

Shikamoo. Msimamizi wa ghala letu la vifurushi la Merrin, Bwana Garth Pollard, alitutangazia jana asubuhi kwamba hakuna mtu wa mkanda wa kupangia vifurushi atakayepewa gari mwaka huu. Tuko kumi na wanne kwenye foleni na mimi ni wa kumi na moja. Nimetanguliza habari kwa sababu najua kazi ya redio haijakutoka mwilini, hata baada ya kustaafu.

Sisi wazima. Baba mzima, anaimba besi kanisani na bado anachelewa mazoezi. Goti lako linaendeleaje? Paa limeshatengenezwa?

Nataka uniamulie jambo. Tolhurst, wapinzani wetu, wako ng'ambo ya barabara. Wananitaka nianze mwezi ujao, na siku ya kwanza naingia barabarani.

Hapa Merrin, ukiumwa unalala nyumbani na kazi yako inakusubiri. Kila mwaka daktari wa kampuni anakupima macho, mgongo na moyo. Chakula cha mchana ni nusu saa na hakuna wa kukusumbua. Lakini nimesimama kwenye mkanda miaka mitatu nikipanga vifurushi vya madereva wengine, na wanawake wenye magari ni wawili tu.

Tolhurst gari unatafuta mwenyewe, na ruti, mitaa unayopeleka vifurushi, inakuwa yako. Ukimaliza saa nane mchana unakwenda zako. Hawapimi mtu, wanaangalia leseni tu. Ila ukiumwa, ni juu yako kuleta mtu wa kuishika ruti yako. Zikipita siku mbili hujamleta, wanampa mwingine.

Baba, mwenye miaka ishirini na miwili kwenye gari la Merrin, hataki hata kusikia. Juzi mezani alisema, "Huko madereva wanakojoa kwenye chupa." Nikamwambia, "Na huku binti yako anazeekea kwenye mkanda." Akasema, "Zeeka, mama, lakini zeeka una likizo." Tukacheka sana. Kisha akasema nikuulize wewe, na utakalosema ndilo litakalokuwa.

Mwanao,
Vaimoana


Kolomotu'a, Tonga
19 Februari 2024

Vai mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, naomba lisizidi. Paa limekwisha, isipokuwa upande wa jikoni.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Baba yako anasifu Merrin kwa sababu Merrin ilimpokea alipofika na sanduku moja. Hilo ni deni lake, si lako. Una miaka thelathini na moja. Mtu hakai foleni ya watu kumi na wanne akiomba mmoja wao afe.

Nenda Tolhurst. Nimempigia baba yako Kelepi nikamwambia hivyo. Alijibu, "Sawa, dada," na akaniuliza kama viazi vikuu vimekomaa. Kwa hiyo limekwisha. Usimchokoze nalo.

Hilo la kutafuta mtu ukiumwa lisikutishe. Wewe una watu.

Shangazi yako,
Seini


Woodridge
2 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa msiba wa jirani yako. Hapa tunaendelea vizuri.

Habari kubwa: Baba ameacha kazi. Alitutangazia mwenyewe tarehe 15 Machi, akiwa bado na sare mwilini, kwamba amechoka na anataka kulima. Ana miaka sitini na moja. Nilimuuliza, "Merrin wamekufanya nini?" Akasema, "Wamenifanyia keki." Kweli, alikuja na kipande. Sasa uani kuna mihogo na magimbi kila kona, hata pa kuanika nguo hapana.

Tolhurst ni kama ulivyosema, na pia ni kama Baba alivyosema. Ruti yangu ni kitongoji cha Marsden, nakijua chote kwa majina ya mbwa. Nikifungua mlango wa gari asubuhi hakuna wa kuniambia simama hapa. Lakini skana, kile kimashine cha kusomea vifurushi, inahesabu dakika kila nyumba, na ukisimama kula inalia. Merrin tulikuwa tunalalamika pamoja, huku kila mtu analalamika peke yake ndani ya gari. Nawakosa. Wiki iliyopita tulisimama taa nyekundu, Garth Pollard kwenye gari la Merrin na mimi kwenye langu. Akashusha kioo akaniita, "Msaliti! Umeshakula?" Akanirushia ndizi.

Sijuti, Shangazi. Nataka ujue hivyo.

Mwanao,
Vai


Woodridge
9 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimevunjika kifundo cha mguu wa kulia. Daktari wa hospitali ya Logan amesema ni wiki sita kwenye plasta. Ilikuwa Ijumaa, ngazi za nyumba moja ya Marsden zilikuwa zimeoza, nami nilikuwa nimebeba boksi la kabati la kuunganisha mwenyewe, sioni mbele. Mwenye nyumba alitoka akaniuliza kama kabati limevunjika.

Maumivu yanavumilika. Kinachoninyima usingizi ni ruti. Binamu Folau aliishika jana na leo, kesho anarudi kwenye kazi yake ya machinjioni. Tolhurst wamenipa mpaka Ijumaa nilete mtu mwenye leseni safi. Nisipompata, Marsden inaondoka, na gari bado nadaiwa.

Sijamwomba Baba. Amestaafu, na tangu mwezi wa nne anapumzika sana mchana. Nilimtajia tu shida yangu. Akaenda kumwagilia magimbi.

Niombee.

Mwanao,
Vai


Kolomotu'a
11 Julai 2024

Vai,

Pole, mwanangu, pole sana. Weka mguu juu ya mto, usiushushe.

Picha ya barua yako nimeisoma kwenye simu ya Hina, binti wa hapa nyumbani; hii naiandika haraka, naye ataipiga picha akutumie. Kelepi atashika ruti yako kuanzia kesho mpaka utakapotolewa plasta. Nimezungumza naye jana jioni. Amekubali.

Usianze kusema amestaafu. Mwanamume anayelima magimbi kutwa anaweza kushusha vifurushi.

Shangazi yako,
Seini


Woodridge
11 Agosti 2024

Shangazi,

Baba yetu alikufa Jumatano, tarehe 7, saa sita na dakika ishirini mchana, kwenye mtaa ule ule wa Marsden nilikoanguka mimi. Nilikupigia siku hiyo, nikasema nitakuandikia yaliyobaki. Haya ndiyo.

Konstebo aliyekuja nyumbani alisema jirani alimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango, kifurushi kiko magotini, kichwa kimeegemea nguzo. Alidhani anapumzika. Kilikuwa chakula cha mbwa, kilo kumi na tano. Daktari aliyemfanyia uchunguzi amesema ni moyo, na kwamba haukuanza kuugua siku hiyo.

Saa saba Tolhurst walinitumia ujumbe. Ulisema vifurushi arobaini na kimoja havijafika, na nilete mtu mwingine kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Jioni hiyo Garth Pollard alikuja na madereva watatu wa Merrin, wote na sare. Waliingia kwenye gari langu wakavifikisha vyote, mali ya wapinzani wao, jambo ambalo lingewafukuzisha kazi wote wanne. Waliporudi, Garth alisimama jikoni, kofia mkononi. Akaniuliza, "Vai, nani alimruhusu aendeshe?"

Nikamwambia amestaafu, anayo ruhusa ya kufanya atakalo.

Akasema, "Hakustaafu. Daktari wetu alimwangusha kwenye kipimo cha mwezi wa tatu. Nilidhani mnajua. Nilimtafutia kazi ya mezani, ya kupokea simu. Akasema atawaambia nini nyumbani."

Karatasi nimeipata ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Ni ya tarehe 12 Machi. Asiendeshe gari la kazi. Asinyanyue zaidi ya kilo tano.

Merrin walimzuia. Tolhurst walimwomba leseni, akawaonyesha, wakampa skana. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kampuni mbili nilizokuandikia Februari. Niliiandika mwenyewe kwenye karatasi, "Hawapimi mtu," nikaihesabu kuwa faida.

Kila asubuhi kwa wiki nne nilimfungia maji na viazi vitamu kwenye mfuko. Nilikuwa nikimwambia, "Mzee, leo uko nyuma kwa dakika kumi na nane." Nilikuwa natania. Alijibu, "Nitakimbia, bosi."

Wewe ulimwamuru, Shangazi. Mimi sikumwomba, lakini nilishukuru. Najua kwa mila yetu ni wewe, dada yake, unayekata nywele zetu sisi watoto wa marehemu baada ya mazishi. Sitaki. Sitaki mkono wako kichwani mwangu.

Tunamleta Tonga. Tarehe utaambiwa na Folau.

Vaimoana


Kolomotu'a
18 Agosti 2024

Vai mwanangu,

Sikukujibu kwa wiki nzima. Nilikuwa naandika na kuchana.

Ulistahili kujua nilizungumza nini na kaka yangu tarehe 10 Julai, nami ni shahidi pekee aliyebaki, kwa hiyo nakuandikia kama yalivyokuwa.

Nilimwambia, "Mtoto ameumia, wewe ndiye utakayeshika ruti." Nilidhani simu imekatika. Nikaita, "Kelepi?" Akasema, "Nipo, dada." Kisha akasema, "Hakuna mtu mwingine?" Nikamjibu, "Mtu mwingine yupi, na baba mtu upo?" Nikasikia maji ya mpira yakimwagika. Akasema, "Basi nitakwenda."

Hiyo "hakuna mtu mwingine" ndiyo ilikuwa njia yake yote ya kuniambia. Kwetu kaka hamwelezi dada yake habari za mwili wake, na dada akisema, kaka hakatai. Nimelijua hilo tangu nikiwa na miaka sita, na nimelitumia miaka sitini. Maisha yangu yote ya kazi niliwauliza wakubwa maswali mpaka wakatokwa jasho. Kaka yangu sikumuuliza swali hata moja.

Kwenda Tolhurst niliamua mimi. Baba yako kushika ruti niliamua mimi. Wewe ulikuwa na mguu uliovunjika. Usiichukue sehemu yangu.

Wanawake wa kanisa wameanza kuniletea mikeka mizuri ya kujifunga kiunoni msibani, kwa kuwa mimi ni dada wa marehemu na nafasi yangu ni ya juu. Ninyi watoto mtavaa iliyochakaa na kukaa nyuma jikoni. Nimekaa na mikeka hii sebuleni, sijaikunja wala kuifungua.

Umesema hutaki mkono wangu. Ningeweza kukuamuru, na jamaa wote wangesimama upande wangu. Sitakuamuru, wala sitamtuma mtu akuite, na atakayekusema vibaya nitamnyamazisha.

Folau amenithibitishia leo asubuhi: ndege yenu na ya baba yako inatua Alhamisi tarehe 22, saa tisa alasiri. Mazishi ni Jumamosi tarehe 24, saa nne asubuhi. Kukata nywele ni Jumatatu tarehe 26. Nitakaa barazani na mkasi kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa moja.

Shangazi yako,
Seini