Krimu ya Uyoga na Uso wa Rehema

Jumatatu, 1 Septemba
Nimechemsha uyoga mkavu tena. Moto mdogo, mpaka maji yakawa rangi ya chai. Nikachuja kwa kitambaa, nikachanganya na mafuta ya nazi na nta ya nyuki. Safari hii krimu imeshika, haijatengana. Nimejipaka mikononi. Laini. Hakuna wa kumwonyesha. Tangu mume wangu afariki, sauti pekee humu ndani ni ya redio.

Rehema hajapiga simu tangu Idi. Mwanangu wa pekee. Nilimkataza mkorogo, ile krimu ya kujichubua, akasema naonea wivu weupe wake. Bado nina hasira naye. Nimemkumbuka mno.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimepeleka makopo ya krimu sokoni. Mama mmoja kacheka: "Uyoga unaliwa, dada, haupakwi."

Mchana kapiga simu Bakari, mkwe wangu, kutoka Handeni. "Shikamoo mama. Rehema hatoki chumbani. Uso umemuungua. Njoo."

Naenda kesho.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimemkuta kajifunika khanga. Alipoifunua nilishika ukuta. Mashavu yamechubuka, yanatoa maji. Mkorogo ule ule.

Akasema, "Mama, nipake ile yako ya uyoga."

Muda wote huu nimesubiri aniombe kitu. Kopo lilikuwa kwenye mkoba. Lakini ile ni ya ngozi kavu, si ya kidonda. Sijui ingemfanya nini. Nikamwambia hapana, kesho twende hospitali.

"Hata wewe unaninyima?"

Akageukia ukutani. Nimekaa naye mpaka magharibi.

Jumamosi, 6 Septemba
Hospitali. Daktari kasema asipake chochote, hata cha asili, ila dawa aliyompa. Akae mbali na jua. Makovu huenda yakabaki. Rehema hakulia. Mimi nililia, chooni.

Bakari kazini anashinda kutwa. Nikaomba nije naye huku Korogwe, nimuuguze. Rehema kaitikia kwa kichwa tu.

Jumatano, 10 Septemba
Yupo, hayupo. Anakula chumbani, mlango kaufunga. Salamu ya asubuhi, basi. Jirani kaja kumjulia hali, kakataa kutoka.

Nilikuwa na nafuu nilipokuwa peke yangu. Vibaya kuandika hivi. Ndivyo ilivyo.

Jumapili, 21 Septemba
Vidonda vimekauka. Madoa yapo.

Leo katoka mwenyewe, kaingia kwenye banda la nyuma ninamooteshea uyoga. Mle giza, ubaridi, hakuna wa kumtazama. Nilipochungulia, khanga ilikuwa mabegani. Uso wazi. Anachuma polepole, anaweka kwenye ungo.

Sikuingia. Nimevuta kigoda, nikakaa nje ya mlango.

Baada ya kitambo akauliza kutoka ndani, "Mama, hivi vidogo niviache?"

Nikamwambia aviache. Nimeendelea kukaa.